Tashtiti Isiyochakaa

Kwa nini wimbo wa tashtiti hudumu kuliko mtawala anayechekwa? Jibu limo katika fumbo. Mwimbaji wa obokano, ala ya nyuzi 8 ya Abagusii wa Kisii na Nyamira iliyo jamaa ya nyatiti, anaweza kumkemea mlafi bila kumtaja: husawiri tabia, hadhira ikajaza jina. Mbinu hiyo imo pia katika "Nchi ya Kitu Kidogo" wa Eric Wainaina, wa mwaka 2001, unaoigeuzia hongo jina lake la upole. Serikali ilibadilika mwaka 2002. Hongo haikuondoka, nao wimbo haukuzeeka. Basi tukiziacha nyuzi za obokano zinyamaze, tutakuwa tumempokonya mnyonge njia ya kumsuta mwenye nguvu pasipo kushika rungu.