Baraza la Maaskofu na Mpango Wake



Mwezi huu napenda kuwaelezeni habari za Baraza la Maaskofu Katoliki wa nchi yetu ya Tanzania, jinsi lilivyopangwa na jinsi linavyofanya kazi. Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi wa kijijini yatufaa nini?" Mimi nami niliwaza hivyo, mpaka ujinga wangu ulipowaumiza watu wawili. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja alinijia kijana aliyehamia kwetu kutoka jimbo jingine, pamoja na mchumba wake. Walileta cheti cha kuonyesha kwamba wamekwisha kupata mafundisho ya ndoa huko walikotoka. Nilipokitazama niliona kwamba muda wa mafundisho yao ni mfupi kuliko wa jimbo letu. Nikawaambia, "Cheti hiki hakifai. Baraza la Maaskofu limeamuru, na amri ya Baraza ni moja kwa nchi nzima. Anzeni upya." Kijana akajibu kwa adabu, "Mwalimu, kwetu Baba Askofu ndivyo alivyopanga." Nikamkemea kwamba anashindana na maaskofu. Wakaenda zao, wala hawakurudi. Ikapita miezi mingi, nikasikia kwamba wanakaa pamoja bila ndoa, na mtoto amekwisha kuzaliwa.

Baba Paroko alipopata habari akaniita, akaniuliza, "Mwalimu, amri hiyo ya Baraza uliisoma wapi?" Nikanyamaza, maana sikuisoma popote. Ndipo aliponiketisha, akanifundisha haya ninayowaandikieni.

Baraza ni nini?

Baraza ni umoja wa maaskofu wa nchi moja, wanaofanya pamoja baadhi ya kazi za uchungaji kwa faida ya Wakristo wa nchi hiyo. Si mkutano wa siku chache ambao watu hutawanyika ukaisha, bali ni chombo cha kudumu. Wala maaskofu hawajiundii wenyewe. Mamlaka kuu ya Kanisa ndiyo peke yake iwezayo kuliunda au kulifuta, baada ya kuwasikiliza maaskofu wanaohusika.

Desturi hii si ya jana. Maaskofu wa Ujerumani walikutana mjini Würzburg mwaka 1848 ili kushauriana juu ya shida za wakati wao. Kwetu Tanganyika Baraza lilianzishwa mwaka 1956. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ulisifu mabaraza ya namna hii na kutaka yawepo kila mahali, na Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983 zikaeleza mpango wake waziwazi. Makao ya Baraza letu yako Kurasini, Dar es Salaam.

Ni nani walio ndani yake?

Wamo maaskofu wote wenye majimbo, na maaskofu waandamizi, na maaskofu wasaidizi, na maaskofu wengine waliopewa kazi maalum katika nchi. Balozi wa Baba Mtakatifu si mmoja wao kwa sheria, ingawa ni mtu wa heshima kubwa.

Baraza lina nguzo tatu. Ya kwanza ni mkutano mkuu wa maaskofu wote, ambao sharti ufanyike walau mara moja kila mwaka. Ya pili ni halmashauri ya kudumu, yaani maaskofu wachache wanaotayarisha mambo ya kuzungumzwa katika mkutano, na kuangalia kwamba yaliyoamuliwa yanatimizwa. Ya tatu ni ofisi ya Katibu Mkuu. Huyo huandika habari za mkutano na maamuzi yake, akawapelekea maaskofu wote. Chini yake zimo idara mbalimbali, kama vile za katekesi, liturjia, elimu, afya na utume wa walei.

Mwenyekiti huchaguliwa na maaskofu wenyewe, na pamoja naye huchaguliwa wa kushika nafasi yake akizuiliwa. Nao hawatazami ukubwa wa cheo. Mwaka 2024 maaskofu wetu walimchagua Askofu Wolfgang Pisa wa Jimbo la Lindi, ingawa kati yao walikuwamo maaskofu wakuu, na hata Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora. Maana mwenyekiti si bwana wa wenzake. Huongoza mazungumzo, na mkutano ukiisha hupeleka taarifa yake Roma. Hawezi kuingia katika jimbo la mwenzake na kuamuru, wala hachagui maaskofu. Kazi hiyo ni ya Baba Mtakatifu.

Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini hapa wachungaji zaidi ya 30 hukaa meza moja kwa amani, kwa sababu kila mmoja ana zizi lake, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Faida ya umoja huo twaiona kwa macho. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo serikali iliitwaa mwaka 1972, ilirudishwa mikononi mwa maaskofu mwaka 1985. Mwaka 1998 wakaanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Jimbo moja lingewezaje kubeba mizigo kama hiyo?

Amri ipi inatufunga?

Hapa ndipo nilipojikwaa, basi mwalimu mwenzangu, soma polepole.

Baraza laweza kutoa amri ya kufunga nchi nzima katika mambo yale tu ambayo sheria ya Kanisa imeliachia, au ambayo Roma imelipa ruhusa maalum. Tena sharti theluthi mbili za wenye haki ya kura waikubali. Kisha ipelekwe Roma ikaangaliwe, na mwisho itangazwe. Kabla ya hapo haimfungi mtu. Katika mambo mengine yote mamlaka ya kila askofu katika jimbo lake yabaki nzima, wala Baraza wala mwenyekiti wake hawezi kutenda kwa jina la maaskofu wote, ila kila mmoja wao amekubali.

Nitoe mifano ya nyumbani. Kueleza zaidi namna ya kufunga na kuacha nyama ni kazi iliyoachiwa Baraza. Kadhalika kutayarisha maneno ya Misa kwa Kiswahili, ili Mkristo wa Bukoba akifika Songea aitikie pamoja na wenyeji. Hata taratibu za kuwahoji wachumba na kutangaza ndoa huwekwa na Baraza. Lakini mpango wa kuwafundisha wachumba huwekwa na Askofu wa jimbo. Kumbe yule kijana alisema kweli, nami niliyemkemea nilisema uongo kwa jina la maaskofu!

Baba Paroko alipokwisha kunifundisha, alinituma kwao. Nilikwenda kwa miguu mizito. Nilimwomba radhi kijana mbele ya mkewe, nikasema, "Baraza halikuamuru. Niliyeamuru ni mimi." Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani Kanisa limetufukuza." Neno hilo sijalisahau mpaka leo. Baba Paroko alikipokea cheti chao, akazungumza nao, na taratibu zote zilipotimia wakafunga ndoa. Baadaye mtoto wao akabatizwa.

Basi, waalimu wenzangu, tusiseme "Baraza limeamuru" mpaka tumeliona neno lenyewe limeandikwa, au tumemwuliza padre. Mtu maskini hana njia ya kuuliza Kurasini. Yeye hutuamini sisi, na tukikosea, mzigo wa kosa letu hubebwa na yeye.

Nanyi wazazi, barua ya kichungaji ya Baraza ikisomwa kanisani, msitoke nje kwa kuwa ni ndefu. Isikilizeni, na jioni mwaulize watoto walikumbuka nini. Maneno hayo yamepimwa na wachungaji wengi kabla ya kutufikia. Tena tuwaombee maaskofu wetu katika sala ya jioni, hasa siku za mkutano wao, ili Roho Mtakatifu awaongoze.

Mungu awabarikini nyote, na nyumba zenu.