Viza ya Muuguzi Imefungwa kwa Nani?

Novemba 2021, Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya wa Kenya, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 peke yao. Nchi ilishangaa, na wako waliowacheka wauguzi wetu. Watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, wakasomea magonjwa na tiba kwa Kiingereza, wanaanguka vipi? Katika kelele zile, jambo zito lilipita bila kujadiliwa. Mtihani wa lugha ni hatua ya mwanzo tu. Ukishaupita kuna usajili, kuna mkataba, kisha kuna viza, na viza ndiyo itakayoamua muuguzi ataishi vipi huko aendako, pengine kuliko mshahara aliotajiwa.

Sina neno na anayetaka kuondoka. Vyuo vyetu vinahitimisha wauguzi kila mwaka, na wengi wao hukaa nyumbani wakingoja tangazo la kaunti, au huzungushwa kwenye kandarasi fupi zisizo na marupurupu, huku wodi zikilia kwa uhaba wa watu. Mwenye ujuzi ana haki ya kuupeleka unakothaminiwa. Ninachotaka aulize kabla ya kutia sahihi ni swali moja: siku nitakapoachana na mwajiri huyu, kwa heri au kwa shari, nitabaki na nini mkononi?

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa ndiko macho ya wengi yalikoelekea. Serikali ya Kenya ilitia sahihi makubaliano na Uingereza Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipozuru London. Novemba mwaka huohuo Uingereza ikaiweka Kenya katika orodha yake ya rangi ya kahawia-njano, maana yake hospitali na mawakala wake hawaruhusiwi kuwasaka wauguzi wa Kenya nje ya utaratibu wa serikali hizo mbili. Kundi la kwanza chini ya makubaliano hayo lilifika Juni 2022 na kupokewa na hospitali za Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hali ni kali zaidi. Nchi hizo zimo kati ya 55 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza imezipa rangi nyekundu. Hapo wengi huelewa vibaya. Orodha nyekundu haimkatazi muuguzi wa Mwanza kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali. Inamkataza mwajiri na wakala kwenda kumtafuta. Kwa hiyo anayefungua ofisi Dar es Salaam na kusajili wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza anavunja kanuni za nchi anayodai kuiwakilisha, na hiyo peke yake yatosha kumkimbia.

Viza yenyewe ilianzishwa Agosti 2020 kwa ajili ya wahudumu wa afya na ulezi. Ina unafuu wa kweli. Ada yake ni ndogo kuliko ya viza nyingine za kazi, na mwenye viza hiyo hatozwi ile tozo ya matibabu ambayo wahamiaji wengine hulipa, zaidi ya pauni 1,000 kwa kila mwaka wa kukaa. Ili kuipata, muuguzi huanzia kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudaiwa alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kuandika ndiko kunakoangusha wengi, na sababu si kwamba hawajui Kiingereza. Insha ya mtihani ule ina mpangilio wake, nao hufundishika kwa wiki chache za mazoezi. Kuna pia OET, mtihani wa lugha uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya, ambapo barua unayoandika ni ya kumhamisha mgonjwa. Kwa muuguzi aliyezoea kuandika ripoti za wodini, huo ni uwanja wa nyumbani. Kisha hufuata mtihani wa kompyuta, pauni 83, na ule wa vitendo unaofanyiwa Uingereza kwenyewe, pauni 794. Hospitali nyingi za umma hulipia huo wa vitendo. Muuguzi anayeingia kabla hajasajiliwa anatakiwa kuufanya kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi.

Sasa nije kwenye mtego uliowanasa wengi. Viza hiyo moja iliwabeba muuguzi na pia mhudumu wa wazee majumbani. Mawakala wakawaambia wauguzi wenye stashahada zao: nenda kwanza kama mhudumu, uuguzi utaupata ukifika. Ikawa rahisi kwa sababu mhudumu hakudaiwa usajili wa baraza. Kisha mlango ukaanza kufungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya wa wazee hawezi kuja na mke, mume wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo kukasimamishwa. Muuguzi aliyesajiliwa hakuguswa na marufuku hizo. Katikati ya hayo, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za kampuni za ulezi zilizokuwa na ruhusa ya kuleta wafanyakazi. Leseni ya mwajiri ikifutwa, mfanyakazi hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine mwenye leseni au aondoke. Hebu mfikirie mtu aliyeuza shamba la baba yake kulipa wakala, ambaye hajapangiwa hata zamu moja, akisoma barua ya kumpa siku hizo 60.

Kinga ipo, nayo ni kusoma cheti cha ufadhili ambacho mwajiri hutoa kabla ya viza. Cheti hicho huandikwa namba ya kazi. Kazi za uuguzi zina namba zinazoanza na 22, na za uhudumu wa wazee huanza na 61. Ukiona 6135 na wewe ni muuguzi, jua umeuziwa kazi nyingine. Na nimesema umeuziwa, ilhali cheti hicho hakiuzwi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 kuhusu mawakala wa ajira inakataza wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi.

Ireland haizungumzwi sana, na inastahili. Uuguzi umo katika orodha yake ya kazi za ujuzi adimu. Mwenye kibali cha kundi hilo huweza kuja na familia mapema, na baada ya takriban miaka miwili huomba ruhusa ya kukaa inayomwezesha kufanya kazi bila kibali cha mwajiri yeyote. Miaka miwili ya kufungwa, kisha uko huru. Ugumu uko kwenye usajili, kwani bodi yao hukagua masomo yako somo kwa somo, kisha aghalabu hukutaka ufanye mtihani wa uwezo au kipindi cha majaribio hospitalini.

Ujerumani ilitiliana sahihi makubaliano na Kenya mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakishuhudia. Kikwazo huko ni lugha, kwa kawaida hadi kiwango cha B2 ili utambuliwe kuwa muuguzi kamili. Wengi hushauriwa wachukue Ausbildung, mafunzo ya miaka mitatu yanayolipa posho. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, ni nafasi nzuri. Kwa muuguzi mwenye stashahada na miaka mitano ya wodini, ni kumrudisha darasani akajifunze upya kutandika kitanda. Tangu Machi 2024 sheria yao inaruhusu mtu mwenye cheti kinachotambuliwa na nchi alikosomea, mkataba wa kazi na Kijerumani cha A2 kuingia, kufanya kazi kama msaidizi na kukamilisha utambuzi wa cheti akiwa hukohuko. Muuguzi aulize kwanza njia hiyo. Akishatambuliwa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya kazi.

Ghuba nitaipitia haraka, si kwa kuidharau. Saudi Arabia na Imarati huajiri upesi, aghalabu nyumba na tiketi ya likizo vimo, na mshahara haukatwi kodi ya mapato. Vyeti vyako vitahakikiwa na kampuni ya DataFlow, kisha aghalabu utafanya mtihani wa kompyuta wa Prometric. Lakini ukaazi wako unatokana na kazi yako, na kwa kawaida hata utumishi wa miaka mingi haukupi haki ya kubaki baada ya kazi kwisha. Saudi Arabia ililegeza kamba Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wengi kuhama mwajiri baada ya mwaka mmoja. Anayekwenda kukusanya mtaji na kurudi atafaidika. Anayetafuta makao, hapamfai.

Marekani ndiko kwenye jibu bora kwa swali langu, na kungoja kurefu zaidi. Muuguzi hupitia kundi la viza la EB-3, na kwa kuwa Wizara ya Kazi ya Marekani inakubali kuwa wauguzi ni haba, mwajiri hahitaji kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kuajiri. Ukifaulu mtihani wa uuguzi wa NCLEX na kupata cheti cha VisaScreen, unaingia ukiwa mkaazi wa kudumu, wewe, mwenzi wako na watoto walio chini ya miaka 21. Mwajiri hawezi kukufukuza nchini. Ila nafasi zina kikomo cha mwaka, foleni hupanda na kushuka kila mwezi, na kungoja miaka kadhaa ni jambo la kawaida. Mwenye mtoto wa miaka 17 apige hesabu mapema.

Hata hivyo, mkataba waweza kukufunga pale ambapo viza imekuacha huru. Wauguzi wa Kifilipino walioletwa na kampuni moja ya New York walisainishwa kulipa dola 25,000 endapo wangeacha kazi kabla ya muda. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2019 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba adhabu hiyo haikuwa halali. Uingereza nako, hospitali na nyumba za wazee zimewadai wauguzi wanaoondoka mapema warudishe gharama za kuletwa. Kurudisha gharama halisi inayopungua kadiri unavyotumikia ni jambo la kuzungumzika. Deni la kumtia mtu woga asiondoke ni utumwa wa kalamu, na muuguzi asilikubali.

Hapa ndipo serikali zetu zina kazi. Nairobi imetia sahihi na London na Berlin, kwa hiyo imeshika upande mmoja wa meza. Itumie nafasi hiyo kuweka mkataba mmoja wa mfano unaosomeka kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye kikomo cha deni la kuondoka, na namba ya kazi iandikwe ukurasa wa kwanza. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ichapishe kila mwezi majina ya mawakala wenye leseni hai na waliofutwa. Na katika kila ubalozi wetu awepo ofisa ambaye muuguzi aweza kumpigia simu siku ya kwanza kati ya zile 60, na akapokea.