Mashine ya nyasi imegoma? Anza na waya wa plagi

MVUA za masika zikishika huku Makoko, Musoma, nyasi hazimngoji mtu. Wengi wetu tunashika fyekeo, lakini kwenye viwanja vya shule, makanisa na nyumba za wageni hunguruma mashine ya petroli: ya kusukuma kwa mkono, au ile ya kupanda na kuendesha kama trekta dogo. Siku ikigoma, watoto ndio wa kwanza kuizunguka kumtazama baba. Hapo ndipo mtu hupoteza kidole.

Mzazi, kabla ya kuingiza mkono chini ya mashine, zima injini, toa ufunguo na chomoa waya wa plagi. Ukikizungusha kisu kwa mkono huku waya upo, injini inaweza kushtuka na kuwaka. Ukishachomoa, watoto wakae mbali, nawe uanze ukaguzi.

Haiwaki kabisa? Injini inataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Petroli iliyokaa miezi kadhaa huchakaa na kuziba kabureta. Imwage, weka mpya. Fungua chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini inakabwa. Kisha fungua plagi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishe au badilisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kumwita fundi.

Ya kupanda inatoa mlio wa "tik" tu? Tazama betri. Unga mweupe kwenye vichwa vyake huzuia umeme; safisha, kaza nyaya.

Inawaka lakini haikati? Mara nyingi ni mkanda uliolegea au kukatika, au nyasi mbichi zimegandamana chini. Ikitetemeka ghafla, zima papo hapo: huenda kisu kimepinda baada ya kugonga jiwe.

Inazimika ukiinuka kwenye kiti huku kisu kinazunguka? Huo si ubovu. Chini ya kiti kuna swichi ya usalama, ili dereva akianguka kisu kisimame. Baadhi yetu huziunganisha nyaya zake ili "isisumbue". Usikubali, hata fundi akikwambia ni kitu kidogo.

Kwa sababu hiyohiyo, usimpakate mtoto ukiendesha, hata akilia. Akiteleza, anaangukia karibu na kisu. Nawe unapokata, wachezaji wote waondoke uwanjani, maana kisu hurusha jiwe kwa nguvu ya kumtoboa mtu jicho. Kabla ya kurudi nyuma, geuka utazame.

La mwisho ni petroli yenyewe. Usiongeze injini ikiwa ya moto, subiri ipoe. Na ile inayobaki, usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, anasoma chupa. Akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa kwa kubahatisha; petroli ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na useme wazi amekunywa nini.

Nyasi zikirefuka wiki moja zaidi, hakuna aliyepungukiwa. Ukikwama baada ya hatua hizi, mwite fundi, umngoje.