Anayeishi Peke Yake: Nani Aangaliwe Kwanza?



Kule Uingereza na Marekani, mzee anayeishi peke yake anaweza kuvaa shingoni kidude chenye kitufe. Akianguka anabonyeza, na mtu wa zamu aliye mbali anaita jirani ama ambulansi. Lakini kabla ya kusaidiwa kukipata huulizwa maswali: Unaishi peke yako? Umewahi kuanguka? Una ugonjwa wa kukushika ghafla? Nani atakuja ukiita?

Huku Busia na Malaba vidude hivyo si vya kawaida, lakini maswali yale yanatufaa. Vijana wamekwenda Nairobi ama Kampala kutafuta kazi, nyanya amebaki na kuku wake. Akianguka usiku na kupatikana kesho kutwa, shida si mfupa tu. Kulala sakafuni saa nyingi bila maji huleta baridi mwilini na vidonda vya ngozi, hata figo zinaweza kuharibika. Kumpata mapema ndiko kumwokoa.

NANI ANASTAHILI?

Kikundi hakiwezi kulinda kijiji chote. Basi tuangalie:

(a) Analala peke yake, ama na mtoto mdogo asiyeweza kukimbia kuita watu.
(b) Ameanguka karibuni, ama ana kifafa, presha, sukari, ama haoni vizuri.
(c) Hana jirani wa kumsikia akipiga kelele.

Mwenye yote matatu awe wa kwanza. Umri pekee hautoshi. Mama wa miaka 45 mwenye kifafa anaweza kuwa hatarini kuliko mzee wa 80 aliyezungukwa na wajukuu. Msiulize anasali wapi, wala kama amelipa mchango. Na mwenyewe akubali, asilazimishwe.

Tusichanganye jambo hili na Inua Jamii. Pesa za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za waliofika miaka 70 na wasio na pensheni ya serikali. Zinasaidia kununua unga, lakini pesa hazibishi hodi asubuhi. Aliyezikosa bado anaweza kustahili kuangaliwa.

TUFANYEJE?

1. Kila mmoja apewe majirani wawili. Mlango ukiwa bado umefungwa saa mbili asubuhi, mmoja abishe hodi. Akisafiri, wa pili ashike zamu.

2. Filimbi iwe karibu na kitanda. Ikilia usiku, tokeni wawili wawili.

3. Mwenyewe achague nani atunze ufunguo wa pili, na kikundi kijue.

4. Hapa mpakani simu hushika mtandao wa Uganda, salio likaisha bure. Kijana aiwekee simu ya mzee ishike mtandao wa Kenya tu. Namba za dharura ni 999 na 112.

5. Mpeni mhamasishaji wa afya ya jamii majina hayo, ili awatembelee.

Mkimkuta ameanguka na mguu unauma sana, msimvute wala kumsimamisha. Mfunikeni blanketi, mtafute gari la kumlaza, mumpeleke hospitali ya Kocholya ama ya Busia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

– Katika jumuiya yetu, ni nani wanalala peke yao?
– Nani kati yao tulimwona leo?
– Kesho asubuhi nani atabisha hodi kwake?