Boriti, Maji na Chokaa Juu ya Vichwa Vyetu

Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, na kadhalika katika zile za Lamu, upana wa chumba haukuamuliwa na haja ya mwenye nyumba wala na wingi wa mali yake, bali uliamuliwa na mti wa mkoko. Kwa kuwa boriti iliyonyooka na kukomaa aghalabu haiwezi kuvuka salama nafasi inayozidi takriban mita tatu baina ya ukuta na ukuta, vyumba vya wazee wetu vikawa virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri aliyemiliki majahazi, mashamba ya karafuu na mlango wa nakshi uliowashangaza wapita njia. Mti huo ulikatwa katika mikoko ya Rufiji na ya Lamu, ukauzwa kwa korja, na ukapakiwa katika majahazi yaliyorudi Oman, Bahrain na Kuwait kwa pepo za kusi, hata nyumba za Ghuba nazo zikaezekwa kwa miti ya pwani yetu. Biashara hiyo kwa upande wa Kenya ilikoma pale serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, na leo hata mjenzi wa hapa hapa apatapo boriti ndefu iliyonyooka huihesabu kuwa bahati.

Juu ya boriti hizo, zilizopangwa karibu karibu, hulazwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hayo humwagwa kokoto na chokaa, ambayo zamani ilipondwa kwa vigongo siku kadhaa mfululizo, wapondaji wakienda pamoja kwa nyimbo, mpaka ikashikamana na kuwa sakafu moja. Unene wake waweza kufikia shubiri nzima, na hata tukikadiria kwa upole, mita moja ya mraba ya sakafu kama hiyo yaweza kuzidi kilo 350 kabla ya mtu kukanyaga juu yake. Mzigo huu boriti iliubeba miaka mia na zaidi bila ya manung'uniko, maana mkoko ni mti mgumu, mzito, wenye tanini nyingi. Basi ikiwa leo twasikia kila baada ya masika kwamba dari ya nyumba fulani imeshuka, au kwamba jirani amehamishwa usiku na watoto wake, lawama ya kwanza haifai kutupiwa mti.

Mti uliokauka, ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, hauozi. Kuvu iozeshayo mti ni kiumbe hai, na kama viumbe vyote haiishi pasipo maji; ikikosa maji hulala au hufa, na mti hubaki kama ulivyo hata kama una umri wa karne. Kwa hiyo fundi aitwaye kutazama boriti mbovu, akapanda moja kwa moja na msumeno, akaikata, akaweka mpya na kudai ujira wake, hakufanya kazi aliyoitiwa, kwa sababu hakuuliza maji yametoka wapi, na boriti yake mpya itaoza mahali pale pale. Nasema haya kwa ukali kidogo kwa kuwa ndiyo kazi inayofanywa zaidi, na ndiyo inayolipiwa zaidi.

Maji ya paa la bapa ni mengi kuliko adhaniavyo mtu aliyeketi chini yake. Paa lenye ukubwa wa mita 60 za mraba, likinyeshewa mvua ya milimita 50 katika usiku mmoja wa masika, hupokea lita 3,000, yaani tani tatu za maji, ambazo zote hazina budi kutokea katika mlizamu mmoja au miwili iliyotoboa ukuta wa ukingo. Mlizamu ukizibwa na majani, na kiota cha kunguru, au na mpira wa mtoto, maji husimama, hutafuta ufa, hupenya chokaa, na hushuka taratibu ndani ya ukuta hata yakafika kwenye kichwa cha boriti, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki. Hapo ndipo panapooza. Katikati ya boriti, panapoonekana na kupakwa rangi, mara nyingi pamo salama salimini, ilhali shubiri moja iliyozikwa ukutani imekwisha kuwa unga.

Uchunguzi, basi, huanzia ukutani. Vyombo vyake si vya anasa: nyundo ndogo, bisibisi, tochi, uzi na subira. Boriti nzima ikigongwa hutoa mlio mkavu wa juu. Iliyoliwa ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Bisibisi ikisukumwa karibu na ukuta ikaingia kwa urahisi kama inavyoingia kwenye muhogo uliochemshwa, hakuna haja ya ithibati nyingine. Panapokuwa na shaka, mtu huchokonoa kibanzi kidogo: kibanzi cha mti mzima hutoka kirefu chenye nyuzi, na cha mti uliooza hukatika kifupi bila ya nyuzi yoyote. Mafundi wengine hutoboa kwa keekee nyembamba, wakautazama unga utokao, maana unga mweusi wenye unyevu, na keekee inayotumbukia ghafula, husema yaliyomo ndani bila ya kubomoa ukuta.

Wadudu nao wana dalili zao, na si vema kuwahukumu wote kwa hukumu moja. Mchwa wa udongo hupanda kutoka ardhini kwa vichuguu vyembamba vya tope juu ya ukuta, na popote alipo yeye jua kwamba unyevu upo karibu. Mchwa wa mti mkavu hahitaji udongo. Huishi ndani ya mti wenyewe, na alama yake ni chembe ndogo ngumu, mithili ya mbegu, zinazomwagika sakafuni chini ya kitundu. Bungua huacha unga laini. Walakini kitundu peke yake si ushahidi, kwani huenda mdudu aliyekitoboa alikufa zama za babu zetu. Fagia, tandika karatasi nyeupe, na baada ya juma moja tazama kama pana unga mpya. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kunyunyizia dawa wadudu ambao walikwisha kufa zamani, huku mlizamu juu yao ukiwa umeziba.

Kadhalika na nyufa. Ufa unaofuata urefu wa boriti hutokana na mti kukauka, na kwa kawaida hauna madhara. Unaokata boriti kwa upana wake ndio wa kutisha, hata ukiwa mwembamba kama unywele, na chini ya boriti ya namna hiyo mtu asilale usiku ule. Kulegea nako ni kwa namna mbili: boriti iliyobonyea zama za kale na kutulia ni umbo lake tu, bali iliyobonyea na ingali ikiendelea ni hatari. Kuzitofautisha, vuta uzi chini ya boriti kutoka ukuta hadi ukuta, pima nafasi ya katikati, andika kipimo na tarehe, kisha pima tena masika yakipita. Kwenye ufa wa ukuta, kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa chokaa pande zote mbili kitavunjika ukuta ukisogea, na hakitakudanganya.

Hapa pana hesabu moja ambayo kila mwenye nyumba angefaa kuijua. Nguvu ya mti wa mviringo hufuata kipenyo chake kilichozidishwa mara tatu kwa nafsi yake, na ugumu wake wa kutopinda hufuata kipenyo kilichozidishwa mara nne. Maana yake ni kwamba boriti yenye kipenyo cha sentimita 12, ikiliwa kuizunguka kwa milimita sita tu, imebakiwa na sehemu tisa katika kumi za kipenyo chake, lakini imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake na zaidi ya theluthi ya ugumu wake. Ndiyo sababu boriti inayoonekana nene bado huweza kushuka ghafula.

Na mzigo haukubaki ule ule. Paa lilipovuja, desturi ilikuwa kumwaga tabaka jipya la chokaa juu ya lile la kale; lilipovuja tena, likaongezwa jingine; na kwa kuwa hakuna aliyetaka gharama ya kubandua, baadhi ya mapaa yamekuja kubeba vizazi vitatu vya matengenezo kwa pamoja. Zama zetu zimeongeza saruji, na juu ya saruji tangi la maji, ambalo likiwa la lita 1,000 na likijaa ni tani moja nzima iliyosimama pahali padogo. Saruji ina hitilafu nyingine isiyo ya uzito: haipumui kama chokaa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa kwa hewa, ukiachwa na chokaa yake. Ukifunikwa kwa saruji hunywa bila ya kutoa, na maji yaliyofungiwa hukimbilia kichwa cha boriti.

Wengi waliona nafuu katika mabati, wakapandisha kenchi juu ya paa la bapa. Jambo lenyewe si baya, maana bati hupeleka maji nje ya ukuta. Ila kenchi nayo ina sheria zake. Makombamoyo mawili yaliyoegemeana husukuma miguu yao nje, na mbao ya chini inayoyaunganisha ndiyo inayoyazuia. Mara ngapi mbao hiyo imekatwa ili mtu apite wima darini, au apitishe bomba! Baada ya hapo mwamba wa juu huanza kubonyea na ukuta huegemea barabarani, na mwenye nyumba hushangaa. Hewa ya chumvi hula misumari, bati hulegea, na mtambaa-panya uliolala juu ya ukuta chini ya mfereji uliotoboka huoza kwa sababu zile zile za boriti.

Tiba ina mpangilio wake, na mpangilio huo hautanguliwi. Kwanza maji yazuiwe; pili mzigo upunguzwe, kwa kubandua tabaka zilizozidi na kuondoa tangi; tatu dari iegemezwe kwa nguzo, na nguzo hizo zisikomee sakafu ya chini yake, bali zifuatane ghorofa kwa ghorofa hadi ardhini, kwani vinginevyo mzigo umehamishwa tu kutoka boriti mbovu kwenda boriti nyingine isiyojulikana hali yake. Baada ya hayo boriti hubadilishwa moja moja. Iliyooza kichwa tu yaweza kukatwa hata kwenye mti mzima, ikaungwa kipande kipya kwa kuunganisha kwa mshazari na bolti zisizoshika kutu, au ikapewa mwenza ubavuni pake. Na ukuta mzima wa vichwa vilivyooza waweza kuokolewa kwa boriti nene ipitayo kando ya ukuta chini ya vichwa hivyo, ikikalia mawe yaliyochomekwa ukutani. Kichwa kipya kisizibwe kwa saruji. Kipakwe dawa ya boraksi, kiwekwe kwa chokaa, na kiachiwe nafasi ya hewa. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huisifu, haipenyi ndani ya mkoko mgumu, hunuka chumbani, na hulisha moto.

Kuondoa boriti zote na kumwaga zege ni ushauri wa mtu asiyezijua kuta zetu. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa pwani lina chumvi, chumvi hushika chuma, na kutu ikiota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hata ikalipasua zege lenyewe kutoka ndani. Na ukuta wa mawe na udongo haukuumbwa kulibeba.

Najua kwamba udhaifu wa mapaa hautokani na ujinga peke yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, au ni za mirathi isiyogawanywa, ambamo warithi ni wengi, wapangaji hulipa kidogo, na kila mmoja humtazama mwenziwe panapovuja. Mamlaka ya hifadhi ipo tangu 1985, na mji umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, Lamu ukafuata mwaka 2001. Lakini kibali na cheti havizibui mlizamu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Si kazi ya makala haya kuhukumu chanzo chake, ila tukio lile lilimwonyesha kila mkazi kwamba hata jumba kubwa kuliko yote ya mji halina kinga.

Basi wewe mwenye nyumba, na wewe mpangaji usiye na hati, pandeni juu kabla ya Machi. Zibueni milizamu, fagieni paa, tazameni ukingo, kisha shukeni mkagonge vichwa vya boriti mlivyovifikia. Na fundi akiitwa, mwulizeni kwanza maji yanatoka wapi. Asipokuwa na jibu, mwiteni mwingine kabla ya kutoa arubuni.