Minara ya Pwani ya Uskoti (3): Carsluith na Hadithi za Magendo

Juma lililopita tulieleza kwa nini mabwana wa Uskoti walizijenga nyumba zao kwenda juu badala ya kuzitandaza. Leo tufike Carsluith, kando ya Ghuba ya Wigtown, kusini-magharibi mwa nchi hiyo.

Mnara huu ulikuwa makao ya ukoo wa Brown, nao ulijengwa karne ya 16. Mgeni akiziona kuta zake nene na madirisha madogo mbele ya bahari, hudhani mara moja kwamba ni maficho ya wafanya magendo. Lakini kuta zile zilikuwa kinga dhidi ya uhasama wa koo. Magendo ya pwani hiyo yalishamiri karne ya 18, mnara ukiwa umekwisha zeeka.

Chanzo chake kilikuwa ng'ambo ya maji. Kisiwa cha Man hakikuwa chini ya forodha ya Uingereza. Chai, tumbaku na brandi vilishushwa huko kwa ushuru mdogo, kisha vikavushwa usiku hadi vijighuba vya Galloway, ambako farasi walisubiri kubeba mizigo bara. Mwaka 1765 serikali ililipa pauni 70,000 kuyanunua mamlaka ya kisiwa kwa Duke wa Atholl. Mwanya ukazibwa, magendo yakatafuta njia nyingine. Kilichoyavunja nguvu magendo ya chai ni sheria ya 1784, iliyoshusha ushuru wa bidhaa hiyo kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Faida ikanyauka.

Jirani na Carsluith, huko Ravenshall, lipo pango lenye vishubaka vya mawe ambavyo wenyeji husema vilihifadhi brandi. Pango hilo huitwa la Dirk Hatteraick, naye ni mhusika wa riwaya ya Walter Scott, *Guy Mannering*, ya mwaka 1815. Yaani mtu wa kubuni amelirithisha jina pango la kweli!

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu kila jiwe likigeuzwa ngano, tutawasahau wakulima na mabaharia waliobeba mizigo ile gizani, wakikwepa ushuru uliozidi bei ya chai yenyewe. Hao ndio historia ya pwani hii.

Juma lijalo tutawageukia waliowawinda: maofisa wa ushuru, akiwemo mshairi Robert Burns, aliyeianza kazi hiyo mwaka 1789.