Maji Yaliyojificha Ndani ya Gesi



Mchuma chai wa Shagasha, hapa Rusizi, anapoingia shambani alfajiri huona utando wa buibui umejaa matone, na mvua haikunyesha. Ukungu umepita, chembe zake za maji zimegonga nyuzi, zikaungana, zikawa matone mazito, yakadondoka. Kazi hiyohiyo hufanywa na matanki ya kutenganisha maji na gesi viwandani.

Tutazame ziwa letu la Kivu. Kuanzia mwaka 1963 gesi ya methani ya ziwa hilo ilitumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa umeme wa KivuWatt, Karongi, wenye megawati 26. Maji hupandishwa kwa bomba kutoka kina cha mita 350 hivi. Yakipanda, presha hupungua na gesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Kisha gesi huoshwa kwa maji ili kupunguza kaboni dioksidi. Kwa hiyo hutoka imeloa.

Gesi iliyoloa huharibu kompresa na injini, na maji yake yakichanganyika na kaboni dioksidi hula chuma.

Ndani ya tanki la kutenganisha, gesi hupunguza mwendo na matone makubwa huanguka. Ukungu mwembamba hupitishwa kwenye wavu mnene wa waya. Gesi hupenya, matone hugonga waya, huungana na kudondoka chini, na maji hutolewa kwa valvu.

Mfanyakazi wa zamu azingatie haya:

1. Atazame kiwango cha maji. Valvu ya chini ikiziba, maji hupanda na kubebwa tena na gesi.

2. Alinganishe geji ya kabla ya wavu na ya baada yake. Tofauti ikizidi kawaida, wavu umeziba.

3. Asifungue tanki lenye presha, wala asiingie ndani peke yake au bila hewa kupimwa. Gesi ya Kivu ina pia haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikizidi, pua haiisikii tena, nayo huua.

Mitambo ya mvuke ya viwanda vya chai na ya hewa ya presha ya viwanda vya saruji hudai uangalizi kama huo.

Mashine ikivunjika, mara nyingi wa kwanza kulaumiwa ni mfanyakazi. Basi kila kasoro iandikwe katika daftari la zamu, pamoja na saa na jina la msimamizi aliyearifiwa. Daftari ni shahidi wetu.